Kwa Wanaozibeza Saa za Atomi: Majibu Kutoka Kiptere

Kiptere iko upande wa Sigowet, pale nyanda za chai za Kericho zinapoanza kuteremka kuelekea Sondu na ziwani. Nafundisha fizikia huku, na madai ninayoyajibu hapa nimeyasikia darasani, katika chumba cha walimu, na kwenye kituo cha kupimia majani chai wakulima wanaposubiri lori la kiwanda. Yanahusu saa za atomi zinazotumia mwanga. Wanasayansi wanazitumia kuuliza swali zito: je, sheria za maumbile ni zilezile kila mahali na kila wakati? Wanaotoa madai haya ni watu ninaowaheshimu, na ndiyo maana sitaki kuyapuuza.

Dai ninalolisikia zaidi ni hili: "Saa isiyokosea sekunde moja kwa miaka bilioni 30 ni majigambo matupu. Nani ataishi hadi aione ikikosea?"

Hakuna anayesubiri. Miaka hiyo mabilioni ni namna tu ya kueleza udogo wa kosa, kama mtu anavyoweza kusema gari linakwenda kilomita 80 kwa saa ilhali safari yake ni ya dakika kumi. Ili kuelewa jinsi kosa linavyojulikana, lazima uijue saa yenyewe. Kila saa huhesabu kitu kinachojirudia. Tangu 1967, sekunde ya dunia nzima imefafanuliwa kwa atomi ya seziamu: mitetemo 9,192,631,770 ya mawimbi ya maikrowevu. Saa ya mwanga huhesabu mitetemo ya kasi zaidi. Ile ya strontiamu huhesabu mawimbi ya mwanga mwekundu yanayotetemeka zaidi ya mara trilioni 429 kwa sekunde. Kipande cha strontiamu hupashwa moto ndani ya kitanuri hadi kitoe mvuke. Leza ya buluu huupunguza mwendo mvuke huo ndani ya chumba kisicho na hewa, na ukichungulia kwenye kidirisha cha kioo unaona kitone cha buluu kinang'aa katikati ya utupu. Leza nyekundu huzipoza atomi hizo hadi karibu kabisa na sifuri halisi ya joto, na leza nyingine huzishikilia zisitawanyike. Ndipo leza ya saa inapoingia, ikirekebishwa kidogo kidogo hadi atomi ziitikie. Zikiitikia, leza imefika mahali pake, na mawimbi yake ndiyo yanayohesabiwa.

Kosa la saa hii hupatikana kwa kuchunguza kila kinachoweza kuiyumbisha: joto la kuta za chumba, sumaku, mgongano wa atomi na molekuli za hewa iliyobaki. Kila kimoja hupimwa na kukadiriwa. Katika maabara ya JILA mjini Boulder, Marekani, kundi la Jun Ye lilitangaza mwaka 2024 saa ya strontiamu ambayo jumla ya mashaka yake haifiki sehemu moja katika bilioni ya bilioni. Hiyo ndiyo namba ambayo magazeti huigeuza kuwa mabilioni ya miaka. Wanasayansi huipata kwa kupima na kulinganisha saa mbili kwa muda wa saa kadhaa au siku kadhaa.

Dai la pili lina uzito zaidi, na aliyenipa ni mzee aliyefundisha kabla yangu: "Mwalimu, ukipeleka saa mlimani ikabadilika, kilichobadilika ni saa. Wakati ni uleule. Baridi imeiingia."

Mzee wangu ana haki ya kushuku, kwa sababu saa za pendulo kweli huharibiwa na baridi na mwinuko. Lakini tazama ushahidi. Mwaka 1960 Robert Pound na Glen Rebka, katika mnara wa Chuo Kikuu cha Harvard wenye urefu wa mita 22.5 hivi, walipima mionzi itokayo kwenye viini vya atomi za chuma, wakaona tofauti ile aliyotabiri Einstein, kwamba wakati huenda kasi zaidi kadiri unavyopanda juu. Mwaka 1976 saa ya hidrojeni ilirushwa kwa roketi hadi kimo cha kilomita 10,000 hivi, na tofauti ikaonekana kwa kiasi kilekile kinachotakiwa na nadharia. Mwaka 2010 kundi la David Wineland lilitumia saa za alumini, wakainua moja sentimita 33 tu, na bado ikaenda kasi zaidi ya mwenzake. Mwaka 2020 Hidetoshi Katori na wenzake walitoa matokeo ya saa mbili za strontiamu, moja chini na nyingine mita 450 juu katika mnara wa Tokyo Skytree. Ya juu ilitangulia kwa nanosekunde 4 na ushei kila siku. Viini vya chuma, hidrojeni, alumini na strontiamu havifanani kwa lolote katika namna vinavyoathiriwa na baridi. Vyote vikibadilika kwa kiasi kimoja kinachotegemea urefu pekee, hatuwezi tena kuilaumu mashine.

Na kama hilo halitoshi, mwaka 2022 kundi la JILA lilichapisha kipimo kilichofanywa ndani ya kitone kimoja cha atomi. Atomi za juu na za chini zilitengana kwa milimita moja tu, zikiwa katika chumba kimoja, chini ya leza moja. Za juu zilikwenda kasi zaidi, kwa kiasi kilichotarajiwa.

Hesabu yake si ngumu, mwanafunzi wa kidato cha nne anaiweza. Zidisha kimo kwa mvutano wa dunia, ugawe kwa mraba wa kasi ya mwanga. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kisumu, kando ya ziwa, iko takriban mita 1,130. Tofauti ni karibu mita 900. Saa iliyoko Kericho itaitangulia ya Kisumu kwa nanosekunde nane na nusu hivi kila siku, yaani maikrosekunde 3 kwa mwaka. Mtu aliyekaa Kericho miaka 70 ameishi karibu sehemu moja ya tano ya milisekunde zaidi ya aliyekaa Kisumu tangu siku hiyohiyo. Ni kidogo mno kwa mwili kuhisi. Kwa saa ya strontiamu, tofauti hiyo ni kubwa kuliko kosa lake zaidi ya mara laki moja. Milima yetu ya chai na ziwa lililo chini yake vinatosha kuwa maabara ya Einstein.

Hapo ndipo linapozuka dai ambalo ni la kwetu hasa, watu wa ikweta. "Sisi tunazungushwa na dunia kwa kasi kuliko Wazungu. Einstein alisema kinachokwenda kasi, saa yake huchelewa. Basi saa za Kiptere zinachelewa kuliko za London."

Aliyesema hivi amesoma, na yuko na mwenzake mkubwa sana: Einstein mwenyewe, katika makala yake ya 1905, aliandika kwamba saa iliyoko ikweta itakwenda polepole kidogo kuliko iliyoko ncha ya dunia. Kiptere haifiki nusu nyuzi kusini mwa ikweta, kwa hiyo ardhi hapa inatubeba kwa karibu mita 465 kila sekunde. Ukihesabu kasi peke yake, saa zetu zingechelewa kwa zaidi ya nanosekunde 100 kila siku zikilinganishwa na za kwenye ncha. Ni tofauti ambayo hata saa ya seziamu ya kawaida ingeikamata bila taabu.

Haipo. Sababu yake ni kwamba kuzunguka huko kumeivimbisha dunia kiunoni, hata ukiwa usawa wa bahari hapa ikweta uko mbali na kitovu cha dunia kwa kilomita 21 hivi zaidi ya aliye nchani. Hilo linatuweka juu zaidi katika uvutano wa dunia, na urefu huo huiharakisha saa kwa kiasi kilekile ambacho kasi inaichelewesha. Viwili hivyo vinafutana. Maji ya bahari hujipanga yenyewe mpaka nguvu hizo mbili zisawazike, na saa yoyote iliyo katika usawa huo, Mombasa au Greenland, hupiga sawa. Mwaka 1905 Einstein alikuwa bado hajaiingiza nguvu ya uvutano katika nadharia yake. Hilo alilitimiza miaka kumi baadaye. Kwa hiyo kinachotofautisha saa ya Kiptere na ya London ni mwinuko wetu, na kwa sababu tuko juu zaidi, saa yetu ndiyo inayotangulia. Mara nyingi nimetumia mfano huu darasani, kwa sababu unaonyesha mambo mawili yenye nguvu yakishindana mbele ya macho yetu hadi sifuri.

Kuna dai fupi linalohitaji jibu fupi: "Haya hayana kazi yoyote kwa mtu wa kawaida." Kila simu inayokuonyesha njia ya kwenda Litein au Bomet inasikiliza setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu yetu. Saa zilizomo humo hutangulia za ardhini kwa maikrosekunde 38 kwa siku, na zisiporekebishwa, umbali unaohesabiwa kutoka kwa setilaiti utakosea kwa zaidi ya kilomita 10 kila siku. Einstein yumo kwenye simu ya dereva wa bodaboda.

"Lakini Einstein alikwisha thibitishwa," wananijibu, "ya nini kumwaga pesa kuthibitisha tena?"

Mwaka 1846 Urbain Le Verrier wa Ufaransa alichunguza kwa nini sayari Uranus haifuati njia iliyotabiriwa na sheria za Newton. Akakokotoa kwamba lazima kuna sayari nyingine isiyoonekana inayoivuta, na Neptune ikapatikana karibu na pale alipoelekeza. Mwaka 1859 mtu huyohuyo aliona sayari Utaridi nayo inapotoka kidogo sana. Akatumia dawa ileile, akasema kuna sayari nyingine iliyofichwa karibu na jua. Watu waliitafuta kwa miongo, hawakuipata. Upotofu wa Utaridi usio na maelezo, sekunde 43 za pembe kwa karne nzima, ulikuja kuelezwa mwaka 1915 na nadharia mpya ya Einstein. Makosa mawili madogo yanayofanana: moja lilileta kitu kipya angani, la pili likaleta sheria mpya. Kabla ya kupima, hakuna awezaye kusema ni lipi.

Sisi leo tuko njia panda ileile. Vipimo vya anga vinaonyesha kwamba mata tunayoijua, ya atomi, ni kama asilimia 5 tu ya vilivyomo ulimwenguni. Karibu asilimia 27 huitwa mata giza, na iliyobaki ni nishati giza. Tunaona athari zake, hatujui ni nini. Tena nadharia ya Einstein ya uvutano na nadharia ya kwanta, inayoeleza atomi, bado hazijaunganishwa kuwa nadharia moja inayokubalika. Majaribio mengi ya kuziunganisha yanatabiri kwamba mahali fulani, kwa kiasi kidogo sana, saa za aina tofauti zitaacha kukubaliana. Ndiyo sababu ya kupima tena. Mwaka 1960 Pound na Rebka waliijua tofauti ile kwa kosa la asilimia 10 hivi. Mwaka 2018 makundi mawili ya Ulaya yalitumia setilaiti mbili za mfumo wa Galileo, zilizokuwa zimeingia njia isiyo sahihi baada ya kurushwa 2014, yakafikia kosa la sehemu chache tu katika elfu za asilimia moja. Njia ile ya yai, iliyowasikitisha wahandisi, ilizipandisha na kuzishusha saa hizo kila mzunguko na kuwapa wanafizikia kipimo ambacho wasingekipata kwingine.

Sasa nifike kwenye dai linaloniuma zaidi, kwa sababu linavunja moyo wanafunzi: "Miaka yote hiyo wamepima, na matokeo ni sifuri. Hawajapata kitu."

Chukua mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Kuna namba inayoitwa alfa, karibu sawa na moja kugawanywa kwa 137, inayoeleza ukubwa wa nguvu ya umeme kati ya chembe. Ingebadilika sana, atomi zisingekuwa hizi tunazozijua. Mwaka 1999 kundi la John Webb lilisoma mwanga wa kwasa za mbali (viini ving'aavyo vya magalaksi) ulionaswa na darubini ya Keck, Hawaii, likasema alfa ya mabilioni ya miaka iliyopita inaonekana kuwa ndogo kuliko ya leo kwa kiasi kinachokaribia sehemu moja katika laki moja. Ilikuwa habari nzito. Ingekuwa kweli, vitabu tunavyofundishia vingeandikwa upya.

Utaipimaje alfa kwa saa? Mkulima wa Kiptere anajua jibu. Akiishuku mizani ya kituoni, hawezi kuikamata kwa kupima gunia mara kumi kwenye mizani hiyohiyo. Analipeleka gunia lilelile kwenye mizani ya aina nyingine, anaandika tofauti, na anatazama kama tofauti inakua msimu hadi msimu. Saa ya alumini karibu haiguswi na badiliko la alfa. Saa ya zebaki ingehama kwa karibu mara tatu ya badiliko hilo. Mwaka 2008 kundi la Till Rosenband, Boulder, lilitoa ulinganisho wa saa hizo mbili uliofanywa kwa karibu mwaka mzima: tofauti haikukua. Kama alfa inabadilika, basi ni kwa sehemu chache tu katika bilioni mia moja za milioni kwa mwaka. Mwaka 2021 taasisi ya PTB ya Braunschweig, Ujerumani, ikitumia mipito miwili ya elektroni ndani ya ioni ya ytebiamu, ilishusha kikomo hicho hadi karibu sehemu moja katika bilioni ya bilioni kwa mwaka. Kama badiliko lililodaiwa kutoka kwenye kwasa lingekuwa linaendelea kwa mwendo mmoja hadi leo, lingekuwa kubwa mara mamia kuliko saa hizi zinavyoruhusu. Mlango huo umefungwa.

Bara letu lina shahidi wake katika kesi hii. Huko Oklo, Gabon, mwaka 1972 Wafaransa waligundua kwamba urani iliyochimbwa ilikuwa na upungufu usiotarajiwa: miaka karibu bilioni 2 iliyopita, mwamba ule ulijiwasha wenyewe kama kinu cha nyuklia. Mwaka 1976 Alexander Shlyakhter alionyesha kwamba mabaki ya samariamu mle ardhini yanaweza kutueleza kama alfa ya wakati ule ilikuwa hii ya leo. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba haikutofautiana kwa zaidi ya sehemu moja hivi katika milioni kumi. Mwamba wa Gabon na saa ya Braunschweig vinasema neno moja kwa njia mbili zisizohusiana kabisa.

Hiyo ndiyo "sifuri" inayodharauliwa. Daktari akikupima akakuambia huna ugonjwa, hujatoka mikono mitupu. Jaribio jingine la PTB, la 2019, lililinganisha saa mbili za ytebiamu huku dunia ikizunguka, kuona kama mwelekeo angani una athari yoyote. Haukuwa nayo, na nadharia kadhaa zilibanwa zaidi kuliko wakati wowote.

Niwageukie pia wanaozishabikia saa hizi kupita kiasi, maana nao wananiletea vijana wenye habari potofu. "Saa za atomi zimegundua mata giza," wanasema. Hazijagundua. Mwaka 2017 kundi la Andrei Derevianko lilipekua kumbukumbu za miaka 16 za saa zilizomo kwenye setilaiti za GPS, wakiutumia mfumo mzima, wenye upana wa karibu kilomita 50,000, kama mtego: ukuta wa mata giza ukipita, saa zingeyumba moja baada ya nyingine kwa mpangilio. Hawakuona alama hiyo. Walichopata ni kikomo, nacho wakakichapisha. Matumaini makubwa sasa yako kwa saa ya kiini cha thoriamu, ambacho mwaka 2024 kiliamshwa kwa leza kwa mara ya kwanza. Inakadiriwa kuwa inaweza kuhisi badiliko la alfa maelfu ya mara zaidi ya saa za sasa. Ni matarajio, na tuyaite hivyo hadi kipimo kije.

La mwisho husemwa kwa huzuni zaidi kuliko ubishi: "Haya ni ya nchi tajiri. Sisi tuna chai."

Afrika Mashariki bado haina saa ya atomi ya mwanga, hilo ni kweli. Lakini tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza mionzi ya eksrei kutoka angani. Ni vipimo vyake vilivyosaidia kuifanya Cygnus X-1 ishukiwe kuwa shimo jeusi. Kasi ileile ya mita 465 ambayo haizicheleweshi saa zetu ndiyo iliyowaleta Waitaliano na Wamarekani ikweta, kwa sababu huipa roketi msukumo wa bure. Vituo vya Malindi na Mbarara vinaendelea kusikiliza setilaiti za kuongoza njia usiku na mchana. Shirika la Viwango la Kenya ndilo mtunzaji wa wakati rasmi wa taifa, na Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Mita. Tofauti ya kimo cha mita 900 kati ya Kericho na Kisumu, kwa barabara ya lami isiyofika kilomita 100, ni mara mbili ya ile iliyotumika katika mnara wa Tokyo, na haihitaji kujengwa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa idara za fizikia za vyuo vyetu, Kabianga ikiwemo, na kwa wanaoshika mkoba wa utafiti Nairobi: wapelekeni vijana wakasome leza na upoozaji wa atomi sasa, wakati saa zinazobebeka kwa trela zimeanza kutoka maabara. Sekunde yenyewe iko karibu kubadilishwa. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliazimia mwaka 2022 kwamba pendekezo la kuifafanua upya kwa saa za mwanga liandaliwe kwa ajili ya kikao cha 2030, na katika kikao hicho Kenya ina kura.